Mshale Mmoja Ubaoni

Kwa miaka sita nilifundisha baiolojia, na miaka yote hiyo nilichora utungisho kwa namna ileile. Duara kubwa la yai, duara dogo la kiini ndani yake, kisha mbegu ya kiume yenye mkia ikija kutoka kushoto. Halafu mshale. Upande wa pili wa mshale, duara moja lenye kiini kimoja, na chini yake maneno: "viini vinaungana, zigoti inapatikana." Wanafunzi walinakili, nami nikafuta ubao.

Mwaka wangu wa mwisho darasani, kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida aliamka kipindi kikiisha, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, si ulisema kiini kina utando?"

Nikamwambia ndiyo, tena wa tabaka mbili.

"Sasa vikiungana, ni utando wa nani unaobomoka? Wa yai au wa mbegu?"

"Yote... tando zote mbili," nikajibu, na papo hapo nikageukia ubao kuchora hatua inayofuata. Akaketi. Nadhani yeye aliridhika. Asiyeridhika ni mimi, kwa sababu nilijisikia nikijibu kwa sauti ya mtu anayejua, huku kichwani hamna kitu. Mshale ule nilikuwa nimeuchora mara mia na sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini.

Baadaye nilirudi masomoni, na kwa bahati tu nikaangukia maabara ya hamira. Hamira ni kuvu wa seli moja, na watu wengi wanaoitumia kuumulia unga hawana habari kwamba nayo inaoana. Ina aina mbili, moja huitwa a na nyingine alfa. Kwa macho, hata chini ya hadubini, huwezi kuzitofautisha. Kila seli ya aina hizi ina kromosomu 16, yaani nyuzi zinazobeba urithi, seti moja tu. Kila aina hutoa kemikali yake ya kuita, na seli ya aina ya pili ikiipata huacha kugawanyika, ikaanza kuota mdomo kuelekea unakotoka mwito. Badala ya kuwa mviringo inachongoka kama tunda la pea. Pea mbili zinapokutana mdomo kwa mdomo, kuta zinayeyuka pale zilipogusana, na seli mbili zinakuwa moja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchanganya aina hizo mbili, kusubiri saa tatu, na kuhesabu ngapi zimeungana. Nikachanganya, nikasubiri. Hakuna hata pea moja. Zote mviringo, zinachipua vitoto vyao kwa raha. Nikaongeza saa mbili. Nikalaumu joto, nikalaumu chakula chao, nikataka hata kulaumu hadubini. Fundi wa maabara, mama mtu mzima aliyekuwa ameshaona mengi, akachukua chupa zangu mbili na kusoma daftari la akiba zilikotoka.

"Hizi zote ni alfa," akasema. "Umempeleka kijana posa kwa pacha wake."

Siku ya pili nilifanya ilivyopasa, na nikatia rangi inayoshika DNA, ile inayong'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Ndipo nilipouona mshale wangu kwa mara ya kwanza. Katika seli zilizokwisha kuungana, nyingi zilikuwa na nukta moja ya buluu katikati. Lakini hapa na pale kulikuwa na seli zenye nukta mbili, kila moja upande wake wa shingo. Nyingine nukta zimeshasogeleana. Nyingine zimegusana. Nilikaa nikizitazama mpaka macho yakauma. Ukuta umeshafunguka, ute wa pande zote mbili umeshachanganyika, ila viini bado viwili! Kuungana kwa seli ni kazi moja, na kuungana kwa viini ni kazi nyingine kabisa, yenye mafundi wake.

Mafundi hao wanajulikana. Mwaka 1976, watafiti Jaime Conde na Gerald Fink walieleza hamira yenye hitilafu ya jeni, ambayo inaoana vizuri tu, seli zinaungana, lakini viini vinagoma. Jeni hiyo ikaitwa KAR1. Wengine wakafuata: KAR2, KAR3 na kuendelea. Fundi wa maabara alikuwa na hamira hiyo kwenye friji, akanipa niitazame. Cha kushangaza, inatosha mzazi mmoja tu awe na hitilafu hiyo. Mwenzake hata akiwa mzima, ndoa ya viini inashindikana mara nyingi. Nukta mbili za buluu zinakaa mbalimbali humo ndani ya nyumba moja, na seli inapochipua, mtoto huweza kutoka na kiini cha baba peke yake au cha mama peke yake, huku ute na mitokondria, vile vyombo vya nishati vya seli, vimechanganyika. Nilipoelewa hilo nililiona jibu langu kwa yule kijana jinsi lilivyokuwa jepesi. Kumbe unaweza kuwa na kila kitu cha utungisho isipokuwa neno lenyewe ulilolizungushia duara ubaoni.

Hamira isiyo na hitilafu inavyofanya ni hivi. Kwenye utando wa kila kiini kuna kituo ambacho nyuzi nyembamba za protini huanzia. Seli zikishaungana, nyuzi za pande mbili zinafikiana, na protini inayotembea juu ya nyuzi, ambayo ni kazi ya KAR3, inavuta viini mpaka vinagusana. Kisha tabaka la nje la kiini hiki linaungana na tabaka la nje la kile. Halafu la ndani na la ndani. Vile vituo viwili navyo vinakuwa kimoja. Fikiria matone mawili ya mafuta juu ya maji yanavyogusana yakawa tone moja. Hakuna kilichobomoka. Utando wa kiini kipya ni tando za wazee wote wawili zilizoshonwa pamoja, na ndani yake kromosomu 32.

Kwa hiyo jibu langu la "tando zote mbili zinabomoka" lilikuwa kosa. Nilikubali kosa hilo kwa miaka kadhaa kama mtu anayekubali deni. Sikujua bado kwamba deni lenyewe lina hesabu nyingine.

Kutoka hamira nilihamia kwa binamu zake wakubwa, uyoga. Na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu kama kuna kiumbe aliyenifundisha subira ni huyu.

Mbegu ya uyoga, ile vumbi inayodondoka chini ya kofia, ikiota hutoa uzi wenye viini vya seti moja. Uzi huo ukikutana na uzi mwingine wa aina inayofaa, seli zinaungana. Ungetarajia viini viungane pia. Haviungani. Vinakaa wawili wawili katika kila seli, bega kwa bega, na kila seli inapogawanyika navyo vinagawanyika kwa wakati mmoja ili jozi isivunjike. Spishi nyingi huwa na kiungo kidogo pembeni ya kila ukuta wa seli, kama mpini wa kikombe, ambacho kazi yake ni kupitisha kiini kimoja ili kisiachwe nyuma. Hali hii inaweza kudumu kwa miezi, na porini kwa miaka. Uzi unatambaa ndani ya mti uliooza, unakula, unakua, na uyoga wenyewe unaouona juu ya ardhi, shina na kofia, umejengwa kwa seli za viini viwili ambavyo havijawahi kuungana.

Vinaungana mahali pamoja tu. Chini ya kofia kuna vile vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na juu ya uso wa kila ukurasa kuna safu ya seli zenye umbo la rungu. Humo ndimo viini viwili hatimaye vinakuwa kimoja. Halafu, na hili ndilo lililonichekesha nilipolisoma mara ya kwanza, kiini hicho kikishapatikana hakikai hata kidogo. Mara moja kinaingia kwenye meiosisi, mgawanyiko unaorudisha kromosomu kwenye seti moja moja, kinagawanyika kuwa vinne, na kila kimoja kinaingia kwenye mbegu yake na kwenda zake. Uchumba wa miaka, ndoa ya saa chache.

Nilipewa uyoga aina ya Coprinopsis cinerea, ambao watu wa fani wanaupenda kwa sababu seli zake za rungu hufanya kazi hiyo karibu zote kwa pamoja, zikifuata mzunguko wa mwanga na giza. Ukiujua wakati, unakata kipande cha kofia na kukuta maelfu ya seli ziko hatua moja. Usipoujua, shauri yako. Mimi nilipanga vizuri usiku wa kwanza, nikapitiwa na usingizi kitini. Nilipoamka asubuhi, kofia zangu zilikuwa zimeyeyuka na kudondoka kwenye sahani kama wino mweusi. Ndivyo uyoga huu unavyosambaza mbegu: unajimeng'enya. Wiki mbili za kulea, na nilichobaki nacho ni kitu cha kuandikia barua.

Mara ya tatu nilifika kwa wakati. Nilikata vipande kila saa, nikavitia rangi, nikaviweka kwenye vioo kwa mpangilio. Kioo cha kwanza, viini viwili viwili kila mahali. Vya baadaye, kimoja kimoja, kikubwa, chenye nyuzi za kromosomu zilizoanza kujikunja. Vya mwisho, vinne. Vioo hivyo ninavyo hadi leo ingawa rangi imefifia.

Kwenye mimea nilipita haraka, na sitajifanya nilikaa. Ila kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulisimulia darasani kwa uzito wake. Mwaka 1898 mtaalamu wa mimea Sergei Nawaschin alionyesha kwamba kwenye mimea ya maua chembe ya chavua huleta mbegu mbili za kiume, na zote mbili zina kazi. Moja kiini chake kinaungana na cha yai. Nyingine inaungana na viini viwili vya seli ya kati, vitatu kwa pamoja, na hapo inatoka akiba ya chakula cha mche. Sehemu ya unga ya punje ya nafaka, kwa hiyo, ina seti tatu za kromosomu. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi "viini viwili vinaungana" kana kwamba ni sheria ya maumbile, na huku tunakula matokeo ya vitatu.

Halafu nikapata wiki mbili za mafunzo kando ya bahari, na huko nikamwona mnyama mviringo wa baharini aliyejaa miiba mwili mzima, ambaye kwa Kiingereza huitwa sea urchin. Mayai yake ni kioo. Ukidondosha mbegu za kiume, ndani ya dakika moja hivi unaona utando ukiinuka kuzunguka yai, kama shuka inayopeperushwa. Kisha unasubiri. Kiini cha yai ni duara angavu pembeni. Kiini cha mbegu kinaingia na nyuzi zake zikikizunguka kama miale ya jua. Duara linavutwa kuelekea kwenye miale, taratibu, kisha ghafla kwa kasi. Vinakutana, vinabaki vimegandana, na baadaye unaona duara moja.

Mwanabaiolojia Oscar Hertwig aliutazama mwendo huohuo mwaka 1875, kwenye mayai ya mnyama wa jamii hii kutoka Mediterania, akauchapisha mwaka uliofuata. Kabla yake wengi waliamini kiini cha yai hutoweka, na kwamba mbegu ya kiume huliamsha tu yai kwa namna fulani. Yeye akasema: kuna viini viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba, na vinaungana. Mchoro wangu wa ubaoni ni mjukuu wa kazi yake. Nilimheshimu sana siku ile, na nikajiambia kwamba angalau kwa wanyama mshale wangu uko salama.

Sikukaa na faraja hiyo muda mrefu. Nilipata kazi kwenye maabara ya utungisho nje ya mwili wa binadamu. Asubuhi, saa 16 hadi 18 baada ya mayai na mbegu kuwekwa pamoja, mayai yanakaguliwa. Tunachotafuta ni viini viwili vya awali, kimoja kutoka kwa mama na kimoja kutoka kwa baba. Vikionekana viwili, utungisho umekwenda sawa. Kimeonekana cha tatu, mara nyingi ni kwamba mbegu mbili zimeingia, na yai hilo haliendelezwi. Mwanabaiolojia Theodor Boveri aliliona tatizo hilo zamani, mwaka 1902, kwenye mayai ya mnyama wetu wa miiba: mbegu mbili zikiingia, kromosomu zinagawanywa ovyo na viinitete vingi vinakufa.

Wiki yangu ya kwanza niliona jozi nzuri sana. Maduara mawili angavu katikati ya yai, yamebanana, ndani yake vitone vidogo vimejipanga kwenye mpaka kama watu wawili wanaochunguliana dirishani. Nikamwambia msimamizi wangu kwamba ningependa kubaki kuviona vikiungana.

Akanitazama. "Utasubiri sana, mwalimu."

Alikuwa ameshapata habari ya kazi yangu ya zamani. Akaniwekea picha za kamera inayopiga yai kila baada ya dakika chache. Maduara mawili, yanakaribiana, yanagusana, yanabanana. Saa zinapita. Halafu, kati ya picha moja na inayofuata, hayapo. Yote mawili yametoweka kwa karibu wakati mmoja. Yai halina kiini kabisa. Baada ya muda likajikata kuwa seli mbili, kila moja na kiini chake.

"Yameungana lini?" nikauliza.

"Hayakuungana."

Kwa binadamu, na kwa mamalia kwa jumla, viini hivyo viwili haviwi kamwe kiini kimoja. Vinasogeleana, kila kimoja kikinakili DNA yake ndani ya utando wake. Kisha tando zote mbili zinavunjika, kromosomu 23 za kila upande, zilizokwisha kunakiliwa, zinatoka na kupangwa kwa ajili ya mgawanyiko wa kwanza. Mwanabaiolojia Édouard van Beneden aliliona jambo la namna hii mwaka 1883 kwenye mayai ya minyoo ya farasi, ambayo ina kromosomu chache kiasi cha kuhesabika: mbili za mama, mbili za baba, zinafika kwenye mgawanyiko bila viini kuungana kwanza. Mwaka 2018 watafiti wa EMBL, maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli, walionyesha kwa panya kwamba hata hapo kila upande hujengewa kwanza nyuzi zake za kugawia kromosomu, seti mbili za nyuzi zikienda sambamba. Na mwaka 2021 kazi iliyofanywa kwa mayai ya ng'ombe na ya binadamu ilieleza vile vitone kwenye mpaka: kromosomu hujikusanya pale viini vinapogusana, na zisipojikusanya vizuri makosa ya mgawanyo yanaongezeka. Wale waliokuwa wakichunguliana dirishani walikuwa na sababu.

Nilikwenda kukaa nje kidogo. Tando zote mbili zinabomoka! Jibu nililolitoa kwa kubahatisha, nikalionea aibu miaka yote ya hamira na uyoga, kwa binadamu lilikuwa sahihi neno kwa neno. Kilichokuwa kosa ni kile nilichokuwa na hakika nacho, kile nilichokiandika chini ya mchoro kwa herufi kubwa.

Tangu siku hiyo, nikiwaeleza watu waliokuja kutafuta mtoto jinsi yai lao lilivyoendelea, sisemi "viini vimeungana". Nasema tumeviona vyote viwili. Hakuna aliyewahi kuniuliza tofauti yake, na sijaona haja ya kuwatwisha somo asubuhi ya namna ile.

Yule kijana nilikutana naye baadaye, mtu mzima sasa, anafanya kazi isiyohusiana kabisa na seli. Nilimkumbusha swali lake. Hakulikumbuka hata chembe. Nikamsimulia yote hata hivyo, hamira, wino mweusi, maduara yaliyotoweka, naye akanisikiliza kwa adabu ya mwanafunzi wa zamani mpaka mwisho. Kisha akanyamaza, akakunja uso vilevile kama siku ile ya dawati la nyuma.

"Kwa hiyo, mwalimu, kiini cha kwanza chenye vya mama na vya baba kwa pamoja kinakuwa wapi?"

Safari hii sikukimbilia ubao. Nilifikiri kidogo kabla ya kumjibu.

"Hakuna cha kwanza," nikamwambia. "Seli ikigawanyika vinatokea viwili kwa mpigo."